Namba Kavu

Kitu cha kwanza alichokiona binti wa beseni kilikuwa kidogo: namba sita ilikuwa kavu.

Kazi yake ilikuwa kusuuza miwani, mapezi na nguo za mpira katika beseni juu ya ngazi za zege, pale wazamiaji wanapoingia baharini kwa miguu. Hatua ishirini tu, kisha sakafu inakatika na ukuta wa mwamba unashuka wima mpaka gizani. Anayeingia huchukua namba yake, kibati kidogo, ubaoni. Akitoka huirudisha msumarini ikichuruzika maji. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu chini, na kituo cha uzamiaji hakifungwi.

Siku ile msumari wa sita ulibaki mtupu mpaka saa kumi na moja jioni. Mjomba wake, mwenye kituo, alikuwa na miadi kwa kinyozi. Akafungua droo ya namba za akiba, akatundika sita nyingine, akaandika daftarini, "Wote wametoka." Binti aliendelea kusuuza. Mjomba ni mjomba.

Kesho yake jioni mzamiaji wa namba sita alipanda ngazi, makombe madogo ya baharini yameanza kumwota begani. Akakuta msumari wake una namba.

"Wewe ulishatoka," mjomba akamwambia. "Ubao unasema."

"Lakini ndiyo kwanza natoka."

"Ndugu yangu, mtu hatoki mara mbili."

Mzamiaji alikuwa mstaarabu. Akaomba radhi, akarudi majini.

Ikawa hivyo miaka mitatu. Hewa ya mtungi wake iliisha siku ile ya kwanza, lakini hakuitaja, asionekane mlalamishi. Wateja walimzoea, wakawa wanamuuliza hali ya maji chini. Asubuhi, kabla hawajafika, binti alizama kwa pumzi yake mwenyewe hadi kwenye kibaraza cha ukuta wa mwamba alikokaa mzamiaji, akambandua makombe.

"Dada, leo vipi?" mzamiaji aliuliza kila jioni. "Mke wangu alishaweka chai."

"Bado, kaka."

Jumanne moja msumari wa tatu ukabaki mtupu. Saa kumi na moja mjomba akafungua droo, akatundika. Mzamiaji wa namba sita, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Kumbe napata jirani."

Binti akaweka brashi chini.

"Mjomba," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, "namba sita ilikuwa kavu. Uliitundika wewe, ukaenda kunyoa. Na hiyo tatu ni kavu."

Mjomba akazigusa kwa kidole. Kweli, zilikuwa kavu.

"Basi kaziloweshe," akasema. Akazitungua zote mbili, akamkabidhi, akaandika, "Wote wametoka," akaenda kwa kinyozi.

Msumari wa sita ukawa wazi. Mzamiaji akatundika namba yake, maji yakachuruzika ukutani.

"Nenda, kaka," binti akamwambia. "Sasa umetoka. Chai ipashe moto."

Kisha akavuta pumzi, akashuka kumfuata mzamiaji wa namba tatu. Namba hakuchukua. Hakuwahi kupewa.