Nyongo ya Mdogo Wangu

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi sina subira, na mdogo wangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tumbo lilianza kumuuma mwezi wa tatu baada ya kuanza kujinyima chakula. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, tena vijiko viwili vitatu, akapungua kilo kumi na nane, watu wakabaki midomo wazi. Aliyemfanya ajinyime ni mimi. Nilimwita Bonge tangu tukiwa watoto, na siku moja mbele ya mchumba wake nikasema Bonge akishakaa kwenye kochi, sisi wengine tusimame. Wote walicheka, na yeye alicheka. Kesho yake akaacha kula.

Maumivu yalimshika upande wa kulia chini ya mbavu, yakampanda hadi begani, kisha yakaisha kama hayakuwepo. Picha ya altrasaundi haikuonyesha jiwe lolote. Nyumbani tulishamzoea, huyu alikuwa mtu ambaye akijikata kidole jikoni anaanza kugawa vyombo vyake kama anayeaga dunia. Lakini daktari wake, mama mmoja mpole asiyechoka, alisema jiwe halianzi likiwa jiwe. Akampitisha mpira mdomoni hadi kwenye utumbo, akavuta nyongo kidogo, akaileta maabara ninakofanya kazi, tuiangalie kwa hadubini.

Kazini kwetu kuna kanuni: hupimi cha ndugu yako. Zamu ile ilikuwa ya mwenzangu, mwanamume mtaratibu anayepima mpaka wewe unayemtazama unasinzia.

"Lete hiyo, ni ya mdogo wangu," nikamwambia. "Ukiishika wewe, majibu tutayapata mwakani."

Akacheka, akanipa.

Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la korido, karibu na dirisha letu la kupokelea sampuli, anajishika koo.

"Dada, humo mnatafuta nini hasa?"

"Kolesteroli. Ni aina ya mafuta, na mafuta hayapatani na maji. Kwenye nyongo yanabebwa na chumvi za nyongo yenyewe."

"Kumbe ndani yangu kuna wapagazi!"

"Wapo. Mzigo ukiwazidi, wanautua. Hapo ndipo kolesteroli inaganda, inakuwa fuwele ndogo ndogo. Zikinasa kwenye ute zinakua, mwisho ndiyo mawe."

"Na mzigo unazidi kwa nini?"

"Mtu akikonda haraka, mafuta ya mwilini yanayeyuka, kolesteroli inamiminika humo. Na asipokula, mfuko wa nyongo haujikamui vizuri. Nyongo inalala tu, inazidi kuwa nzito."

Aliniangalia. Nilijua anachowaza, naye alijua kwamba nimejua. Nikarudi ndani haraka.

Nyongo haiangaliwi hivi hivi. Mrija unatiwa kwanza kwenye mashine ya kuzungusha, mashapo yashuke, halafu unachukua tone la chini. Usipoona kitu, mrija unawekwa kwenye kabati lenye joto kama la mwili, unaangaliwa tena siku ya tatu, maana kuna fuwele zinazochelewa kujitokeza. Mimi nilivuta tone la juu, lile safi la rangi ya dhahabu. Nikaliweka chini ya hadubini, nikaona uwanja mtupu, nikaridhika. Kusema kweli, sikutaka kuona kitu. Kama fuwele zingekuwepo, zingekuwa kazi ya mdomo wangu. Nikaandika "Hakuna fuwele", nikatia sahihi, nikamtolea karatasi dirishani.

"Huna kitu. Acha kudeka, nenda kale."

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi, akaniaga vizuri tu. Daktari akampa dawa za vidonda vya tumbo, akamruhusu arudi nyumbani kwa mama.

Siku ya tatu asubuhi mwenzangu aliniita. Mrija niliuacha mezani na kuusahau. Yeye, kwa utaratibu wake ule ule ninaoucheka, aliuweka kwenye kabati la joto bila kuniambia. Sasa alikuwa ameuzungusha. Alinisogezea kiti. Nikainama, nikaona vibamba vyembamba vya pembe nne, vimelaliana kama vipande vya kioo cha dirisha, vingi vimemeguka pembe moja. Ni fuwele za kolesteroli, hakuna kitu kingine chenye sura ile.

"Baadhi zimejitokeza kabatini," alisema taratibu. "Ila kwa wingi huu, hata siku ile chini zilikuwepo."

Nilimpigia simu mdogo wangu. Alipokea mama, akasema wako wodini, ghorofa mbili juu ya kichwa changu. Walikuwa wamemleta saa moja iliyopita.

Fuwele zilikuwa zimeteremka, zikaziba njia inayotumiwa na nyongo na kongosho kwa pamoja, na kongosho lilikuwa limeanza kujila lenyewe. Daktari alinieleza hayo kwenye ngazi. Nikampa majibu mapya. Akayasoma, akaangalia tarehe, akaangalia sahihi.

"Ningeyajua juzi," akasema, "ningemlaza."

Akapanda kurudi wodini. Bora angenitukana.

Mdogo wangu alifariki siku ya tano tangu alazwe, saa nane mchana, wauguzi wakibadilishana zamu. Mkuu wa maabara aliniita ofisini akaniambia karatasi ya kwanza haikuwa ya uongo, kwenye tone lile kweli hakukuwa na kitu, hivyo nisijitie kitanzi mwenyewe. Ananipenda yule mzee. Nilimwambia aandike ilivyokuwa, nikaondoka bila hata kufunga mlango.

Mama nilimkuta chumbani anakunja nguo za marehemu. Alizitenga mafungu mawili, zile pana za zamani na zile chache za mwili mpya, ambazo nyingine zilikuwa bado na karatasi za dukani.

"Mama, ile nyongo niliipima mimi," nikasema nikiwa nimesimama. "Niliipima vibaya. Sikufuata kanuni."

Hakuacha kukunja. Alimaliza blauzi moja, akaiweka kwenye fungu lake, akainyoosha kola.

"Jioni ile ile uliyompa majibu, maumivu yalimrudia," alisema. "Akawa anajikunja hapo sakafuni, jasho linamtiririka. Nikamwambia mwanangu, twende hospitali. Akakataa. Siku mbili nzima namsihi, anakataa."

"Kwa nini, mama?"

"Alisema akirudi kule anaumwa, wataona dada yake hajui kazi."