Andika Polepole, Mama

…polepole, anasema, andika polepole mama, na anasema kwa ile sauti ya kumwelekeza mgeni choo kilipo, mkono mmoja mfukoni, mwingine umening'inia juu ya simu ya mama Joska utadhani ni sufuria ya maziwa inayotaka kufurika, herufi moja, halafu nyingine, Jasper huyu, mkuu wa watengenezaji programu, ndivyo inavyosema kadi aliyochapisha mwenyewe hapo chini kwenye duka la wanafunzi, mkuu wa nani jamani, tuko watatu ofisi nzima, bosi, yeye na mimi, na mimi ndiye ninayejaribu kila anachotengeneza na kumwambia kimeharibika wapi, naye ndiye anayenijibu, Nasike, kwangu hilo tatizo halionekani… halionekani! litaonekanaje kwako na wewe unaandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama, tena kwenye simu kubwa ya bei ya pikipiki, lakini huyu mama alikaa kwenye redio ya polisi tangu usichana wake akiandika taarifa wakati bado zinasemwa, vidole gumba vyake viwili haviangalii hata kibodi, na simu ya majaribio aliyopewa ni hii nyembamba ya bei rahisi inayofikiri kwanza kabla ya kufanya lolote, na sasa ona, ameandika kwa mkupuo mmoja, fyuu, Mimi naitwa Joska nataka kusema, na kwenye skrini kumetokea Mimi nata Jsoka ntaka kseam, na ile sauti ya mashine ikayasoma hivyo hivyo mbele ya watu, kama mlevi anayesoma tangazo, na afande Okullo, aliyetumwa na chama cha polisi wastaafu kuipokea kazi na kuitilia sahihi, akacheka puani.

Mama Joska hakucheka, hawezi, tangu apasuliwe koo sauti yake ilibaki hospitali, kuna tundu dogo shingoni amelifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na programu hii ndiyo koo lake jipya, hivyo ndivyo tulivyowaahidi, wewe andika, simu itasema, yeye na wenzake waliopatwa na ugonjwa ule ule, na jana alinitumia ujumbe wa kawaida, kwa ile njia ya kawaida ambayo haimezi herufi kwa sababu Jasper hakuigusa, akaniambia binti yangu Alum anaposwa, wakwe wanakuja Jumamosi, nyumbani Kawempe, wataniuliza kama ninakubali, na Alum anasema shangazi yake atanijibia, lakini mimi sitaki kujibiwa, nataka nijibu mwenyewe… na mimi nikamwandikia usijali mama, kesho tutaangalia. Kesho ndiyo leo, na tunaangalia.

Tena si jambo la kuumiza kichwa, nilimchorea Jasper kwenye ubao na kalamu nyekundu, nikamwambia tazama, kibodi ina kumbukumbu yake ya kilichoandikwa, na programu yetu ina kumbukumbu yake, kazi yetu ni kuhakikisha hawa wawili hawapishani, basi, siku hizi hatuiamuru skrini weka herufi hapa, futa pale, tunaieleza tu kwamba hali, yaani yaliyoandikwa hadi sasa, ikiwa hivi wewe onekana hivi, nayo inajichora upya kila hali inapobadilika, ni jambo zuri sana, sina ugomvi nalo, mradi hali yenyewe ibadilike papo hapo kidole kinapogusa, lakini bwana mkubwa akaweka kichujio katikati, kila herufi mama anayoigusa haikai kwenye kisanduku, inapelekwa kwanza kwa kichujio, kichujio kinalitazama neno, kinalisafisha liwe Kiswahili cha vitabuni, ndipo maneno yanarudishwa kwenye kisanduku, na wakati yako njiani mama ameshaandika herufi nne nyingine, basi yale ya zamani yanafika yanayafunika mapya, skrini inaonyesha lake, kibodi inashikilia lake, kishale kinaruka hadi mwisho wa mstari, na ukijaribu kurekebisha herufi katikati ndiyo kabisaa, nikamwambia acha kisanduku kishike alichoandika mtu, kisiombe ruhusa kwa yeyote, huo usafi wako ufanye pembeni akishamaliza, kazi ya asubuhi moja, akanitazama, akaniuliza kama nimesomea, halafu ati akarekebisha, unajua alirekebisha nini? alikiongezea kichujio muda wa kusubiri, ili kisafishe vizuri zaidi. Mungu wangu, kuna watu wanapewa mshahara.

Na kichujio cha nini, kwanza, nani alikiomba, aibu tu, mtoto wa kambini huyu, baba yake mzee Odur alikuwa askari, alifika hapa ofisini mara moja akatusalimia kwa kile Kiswahili chao cha jeshi, mimi nakwenda, wewe nakwenda, sisi yote nakwenda, na tukaelewana naye vizuri tu, tukacheka, mzee mtamu, lakini Jasper alikuwa anaangalia sakafu, alikaa Dar es Salaam miezi michache akarudi na lafudhi ya kuazima, na tangu arudi kila Kiswahili cha Kampala kinamtia kichefuchefu, hata cha mama aliyenyang'anywa sauti lazima kioshwe kabla ya kutoka nje, na sasa amebanwa, jasho limemtoka juu ya mdomo, afande anamtazama, na hebu msikilize, eti, "Mama, simu iko sawa, wewe tu nakwenda mbio," ha! wewe tu nakwenda mbio, kichujio chako mwenyewe kingekutupa mlangoni, bwana sanifu, ukitishwa kidogo baba yako anatoka mdomoni.

Na Cleopas, bosi wetu, Mkenya mwenzangu, aliyeniita kutoka Bungoma akisema Nasike njoo tujenge kitu, amejenga tumbo, amesimama dirishani akitabasamu na meno yote, mara anamsogezea afande sahani ya sambusa, mara ananikata jicho, nalijua jicho hilo, linasema funga mdomo, mkataba wako unaisha mwezi ujao na nitakayemuuliza kuhusu wewe ni Jasper, jicho refu hilo, linasema mengi kuliko mwenyewe, na huko nje mtaa wa Wandegeya unapiga honi na mtu anauza rolex, zile chapati za kuviringia mayai, kwa kuimba, na afande akishaweka sahihi yake hapa basi, simu zinagawiwa, kazi imepokelewa, na hakuna atakayegusa tena kitu, namjua Cleopas, kazi iliyopokelewa kwake ni maiti iliyozikwa.

Halafu huyu mama, na hapa ndipo ninapotaka kulia au kumpiga mtu, huyu mama anatii, anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule, anakunja gumba moja ndani ya kiganja, analificha, na kuanza kuandika kwa lile lingine peke yake, N… anangoja… i… anangoja… n… na kila herufi inatokea mahali pake, safi, bila shaka inatokea, hata mlango ulioharibika hufunguka ukiubembeleza, na Jasper anasema umeona, umeona, na Cleopas anapiga makofi madogo ya vidole, na mimi moyoni nasema hata wewe mama Joska, hata wewe, mwanamke uliyekuwa unapokea sauti za askari porini na risasi zikilia nyuma yao, unamkubalia huyu kinyago, mtupie hiyo simu usoni, huna haya… a… anangoja… k…

Lakini ataitupaje. Akiitupa ataongea na nini. Jumamosi itakuwa hivi hivi, nakuona mama, umekaa na gomesi yako mpya, lile gauni la sherehe, wakwe wamepiga magoti wamemaliza, wanakuuliza, sebule nzima imekugeukia, na wewe N… unangoja… i… unangoja… na watu ni wapole mwanzoni, wanatabasamu, halafu mtu anakohoa, halafu mtoto anauliza kitu na kunyamazishwa, halafu shangazi mtu anasema, amekubali, anamaanisha amekubali, na vigelegele vinapigwa, na wewe bado uko kwenye u… na hakuna aliyekukosea adabu, hakuna hata mmoja, wamekusaidia tu… na lile gumba alilolikunja naliona kutoka hapa, linagonga ndani ya kiganja, tap tap tap, linaendelea kuandika lenyewe, haraka haraka, kitu ambacho hakuna skrini itakayokionyesha, na mama anainua macho, hamtazami Jasper, hamtazami afande, ananitazama mimi, kwa nini mimi, mimi nimekaa tu hapa…

Nimekaa tu hapa. Nimemdharau Jasper kuanzia kadi yake hadi jasho lake, nimemdharau Cleopas na sambusa zake, nimemdharau mpaka mama mwenyewe, na ilikuwa raha, nisidanganye, raha kabisa, ya kunywea chai, na katika dharau yangu yote hiyo nzuri hakuna herufi hata moja ya mama Joska iliyorudi mahali pake, wao hawakuelewa na wanasema iko sawa, mimi najua na nimenyamaza, sasa kati yetu nani wa kuonewa kinyaa… afande anatoa kalamu, anaibofya, Cleopas anamfungulia ukurasa, na jicho lake lile refu linanitafuta tena, na mkataba, na kodi ya chumba, na mama yangu Bungoma anayewaambia majirani binti yangu yuko Kampala kwenye kompyuta, na Jasper anasema basi mama inatosha, tumeona, ananyoosha mkono kuichukua simu na gumba la mama bado liko hewani juu ya herufi inayofuata, na nasikia kiti changu kikikwaruza sakafu, na sauti yangu inatoka kubwa kuliko nilivyotaka:

"Afande, usiweke sahihi. Jasper, toa mkono wako hapo, mama hajamaliza kuongea."