Mzigo wa Ijumaa

Hivi wewe, mtoto wako akikuambia Ijumaa anashusha mzigo mzito, usingempisha nafasi?

Fundi cherehani alimpisha. Alisukuma meza ya kukatia hadi dirishani, akayasimamisha marobota ya kitambaa nyuma ya mlango, akafagia kona ile mara mbili, maana vumbi la chaki lina tabia ya kurudi. Kisha akamwita jirani yake, fundi viatu, aje kusaidia kupokea.

"Mzigo wenyewe ni wa nini?" aliuliza fundi viatu, keshajikalia kwenye kigoda.

"Lebo."

"Lebo ndiyo ya kuniitia mimi? Lebo si unatia mfukoni, jirani?"

"Kasema mzito. Huenda kaagiza za kutosha mpaka nizeeke."

"Hizo zilishatosha, basi," alisema fundi viatu, akapigwa begani kwa futi ya kupimia.

Mama huyu fundi cherehani siku zote alimshonea mwenye duka la nguo. Alikuwa na mkono wake. Pindo lake hulioni hata ukilitafuta. Vifungo alivishona kwa kuviinua kidogo, akavizungushia uzi chini, visibane kitambaa. Shingo ya gauni aliipiga pasi juu ya taulo lililokunjwa ili ikae kama ilizaliwa hivyo. Kazi ikiisha, cha mwisho kilikuwa kushona nyuma ya shingo lebo ya duka, kijitambaa chenye jina la mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Wanawake wakilisifu duka, yeye alisikia, akainamia cherehani. Alitaka lebo yake mwenyewe. Alilitaka hilo kwa muda mrefu na hakuwahi kulitamka, kwa kuwa aliona likitoka mdomoni mtu atacheka.

Ndipo kitindamimba wake alipotoka chumba cha nyuma, siku chache kabla ya Ijumaa hii. Binti huyu walimwita Kimya, kwa jinsi anavyoongea kama mtu aliyeazimwa maneno na kesho anatakiwa ayarudishe.

"Mama, tumeanzisha lebo."

Miguu ya mama ikasimama kwenye pedali. "Lebo?"

"Ya kwetu wenyewe. Haina tajiri juu yake."

"Rangi gani?"

Kimya alishangaa kidogo. "Nyeusi na njano. Mzigo wa kwanza tunashusha Ijumaa. Mzito huo, Mama. Utausikia tu."

Basi mama akameza furaha yake asije akamharibia mtoto siri. Alinunua uzi wa njano. Na magauni ya mwenye duka aliyokuwa akiyamalizia aliyaacha shingo tupu, yote, yakisubiri lebo mpya.

Ijumaa yenyewe adhuhuri ikapita. Hakuna gari, hakuna mkokoteni.

Ulioanza ni mkasi. Ulitembea mezani wenyewe, polepole, kuelekea ukingoni. Kisha pini zikaanza kunong'ona ndani ya kopo lake. Halafu ukaja mvumo kutoka chumba cha nyuma, mnene, wa chini sana, unaopitia nyayo kabla ya masikio. Fundi viatu alisimama akashika ukuta.

"Wanachimba barabara?"

Kimya akatoka na simu mkononi, jasho linamtiririka, anatabasamu mpaka magego.

"Mama, mzigo umeshuka."

"Umeshukia wapi?"

"Kila mahali."

Mama alichungulia nje. Barabara ilikuwa na mbwa mmoja tu, naye amelala.

"Ngoma nne," alisema Kimya. "Tumeziachia zote kwa pamoja."

"Mmewaachia kina nani?"

"Watu wote. Huko kwenye simu zao."

"Na anayezipiga ni nani? Mbona ngoma sizioni?"

"Mimi, kwenye kompyuta."

"Haimbi mtu?"

"Haimbi mtu, Mama. Ni besi na mapigo. Watu wanacheza."

"Mimi meno yangu tayari yanacheza," alisema fundi viatu. "Sasa lebo iko wapi?"

"Si hii. Ni lebo ya muziki, mimi na wenzangu." Kimya akamwonyesha mama simu: duara jeusi, herufi za njano.

Mama aliipokea. Akalisugua duara kwa kidole gumba, vile anavyopima kitambaa, na duara likakimbia, ikaja picha nyingine. Akajaribu kulirudisha, hakuweza.

"Hii inashonwa vipi?" aliuliza.

Kimya aliitazama kona iliyofagiliwa, akamtazama mama yake.

Mara akaingia mwenye duka, funguo za gari kidoleni. "Salama humu? Nimedhani nyumba inaanguka." Akatoa gauni kwenye kamba, akageuza shingo. Akatoa la pili. "Fundi, lebo zangu ziko wapi?"

"Ziko kwenye bahasha yake, bosi."

"Zinafanya nini kwenye bahasha? Wateja wananisubiri. Umesahau?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Angesema ndiyo, nimesahau, nisamehe, na kazi ingebaki yake. Lakini mama alisimama tu na simu mkononi, sakafu ikimgonga visigino. Hakuelewa lebo isiyoshikika ni lebo ya namna gani. Hakuelewa mzigo umeshuka vipi na chumba bado kitupu. Kilichomchanganya zaidi ni uso wa mwanawe, ule mng'ao, maana aliujua. Ndio aliokuwa amejiwekea yeye kwa siku ya leo.

Kimya alikwenda nyuma akazima muziki. Ukimya ukaingia chumbani kama mgeni asiye na pa kukaa. Akarudi.

"Mama," alisema taratibu, "wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Na mimi nauliza hilohilo," alisema mwenye duka.

Fundi viatu akaangalia viatu vyake.

Mama aliweka simu mezani. Akalichukua gauni mikononi mwa mwenye duka, akalikunjua, shingo ikawa wazi mbele yao.

"Nilikuwa nasubiri lebo yangu," alisema. "Nataka nguo niliyoshona mimi, iseme nimeishona mimi."