Neno Alilosikia Kioko

Pale Kiganjo, mwaka wa 1978, Gatimu msimamizi wa ujenzi alikuwa kichekesho. Wenzake wakishamwaga slabu, waliacha miti ya kuishikilia wiki mbili, tatu, kisha wakaing'oa. Yeye aliiacha siku arobaini. Wafanyakazi walidai mzee anasubiri miti iote majani.

Hawakujua anachosikia. Kila alipopita chini ya slabu mbichi, nyundo iligonga mti mara tatu, polepole, na chini hapakuwa na mtu. Gatimu alimjua mgongaji, na alimwogopa. Miaka minne nyuma, mjini Nyeri, wakijenga ukumbi wa harambee, fundi Kioko aligonga vivyo hivyo aking'oa miti siku ya tisa, slabu ikamwangukia, akafa. Kazi ilikuwa safi, simiti ya kutosha, vyuma vya kutosha. Zilizokosekana ni siku tu, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumamosi.

Walipokuja wachunguzi, Gatimu alisema, "Mimi nilimwambia ngoja. Yeye ni Mkamba, akasikia ng'oa." Wakaandika kwamba maneno yanafanana, na mambo yakaishia hapo.

Wiki hiyo, pale Kiganjo, palikuwa na mama mgeni wa kumwagia slabu maji isipasuke. Siku ya Ijumaa kijana mmoja alishika mti, Gatimu akamkemea, "Ngonja kwanza. Bado."

Yule mama akatua debe. "Mzee, umemwambia nini?"

"Ati angonje. Kwani?"

"Mimi ni Mwikali, bibi ya Kioko. Wiki yote nimekusikiza. Wewe husemi ngoja, unasema ngonja. Hiyo mtu atasikiaje ng'oa?"

Gatimu alijaribu kulitamka neno lile kama redio inavyolitamka. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili likatoka ngonja. Kumbe hao wachunguzi walikuwa Wakikuyu wa kwao, wenye ulimi kama wake, ndiyo maana hawakushtuka.

"Nilisema ng'oa," akasema. "Alisikia vizuri."

Mwikali akaketi juu ya kokoto. "Miaka minne nimemlaumu yeye," akasema. "Hata kaburini nilimwambia, si ungeuliza mara ya pili."

Kisha akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Gatimu alisimama chini ya slabu, akitegea nyundo sikio. Haikugonga.