Mshono Uliorudiwa

Jioni ile mwalimu aliandika ubaoni "kuthibitisha upya", akawataka wanafunzi wake, wote watu wazima, wataje maneno jirani.

"Kurudia," alisema fundi bomba.

"Kukazia," alisema mpishi wa hospitali.

"Na kuhuisha," mwalimu akaongeza. "Lakini angalieni matumizi. Yote hayo yanataka kitu kilichopo. Utakaziaje msumari ambao haupo ukutani?"

Nyuma ya darasa, fundi cherehani alicheka peke yake. Jumapili mumewe angethibitisha upya ndoa yao mbele ya kanisa zima. Bwana huyo alihamia kwa mwanamke mwingine, yalipomshinda huko akarudi amekonda kama uzi, akatangaza kwamba mkewe ndiye aliyemfukuza. Watu wakameza bila kutafuna. Hata kwenye maombi ya akina mama walimwombea fundi apunguziwe ukali. Sasa mume alitaka kuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alimwambia: kwanza rudieni viapo.

"Nishonee suti, mama watoto. Nataka nipendeze."

"Utapendeza, baba watoto. Watu hawatakusahau."

Koti alilishona kwa haki. Suruali nayo aliishona kwa haki, isipokuwa mshono wa nyuma. Hapo alipiga bandi tu, ile mishono mirefu legelege ya kushikilia kitambaa kwa muda, akapiga pasi mpaka ukaonekana mzima. Mume akipiga magoti tu, kanisa lote litauona upande wake ambao hakuutangaza. Kabla ya kukata uzi, fundi aliinamisha kichwa.

"Bwana, kisasi ni chako, najua. Mimi nakushikia mkasi tu."

Akakata.

Jumapili alikaa benchi la mbele, moyo ukimdunda kama cherehani iliyokosa breki. Wifi yake, dada wa mume, ambaye walishona pamoja katika chumba kimoja, akamwinamia sikioni.

"Wifi, mshukuru Mungu una mimi! Si unajua sheria yetu, nguo haitoki bila kukaguliwa na mkono wa pili? Jana nikaipitia ile suruali. Nyuma kuna bandi tupu! Nikaurudia mshono mara mbili. Kaka angeumbuka leo!"

Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe, na aliwahi kumgombeza wifi kwa kuivunja.

Wakaitwa mbele. Mume akapiga magoti kwa madaha. Fundi alitega sikio. Mshono ulinyamaza kimya, kama shahidi aliyehongwa.

"Ninathibitisha upya ndoa yangu," mume alisema kwa sauti ya kuhutubia, "nami nimemsamehe mke wangu yote."

*Nimemsamehe!* Akina mama wakaguna kwa huruma. Fundi alifumba macho. Bwana, umeninyang'anya mkasi, alisali. Basi nipe ulimi.

"Na wewe, mama?" mchungaji akauliza. "Unathibitisha upya?"

"Hapana, mchungaji."

Benchi zikalia watu walivyogeuka.

"Kinachorudiwa ni kile kilichopo," alisema polepole, kama anayesoma ubaoni. "Ndoa hii ilivunjwa. Siwezi kukazia msumari uliong'olewa. Kwanza aliyeung'oa ajitaje, na aseme alihamia nyumba ya nani. Hapa hapa, kwa sauti ile ile aliyonitangazia."

"Mke wangu, hayo tutazungumza nyumbani," mume alinong'ona, akaanza kuinuka.

Fundi akamwekea mkono begani, akamrudisha chini.

"Kaa hapo hapo, baba watoto. Usiwe na haraka." Akamtazama wifi yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Suruali yako imeshonwa mara mbili. Hata ukipiga magoti mpaka jioni, haichaniki."

Kanisa zima likainama mbele, likimngoja mume aseme.