Bolti na Debe

Mtoto wa Idah alizaliwa kabla ya wakati wake, asubuhi moja ya Julai mwaka 1957, katika shamba la kahawa nje ya Ruiru. Alipumua vizuri, lakini miguu yake ilikuwa baridi. Ngendo, mkunga wa zahanati ya shamba, alisema apelekwe hospitali Thika mara moja. Alichohofia njiani ni baridi tu: lori la shamba halikuwa na kioo upande mmoja.

Baba wa mtoto, Barasa, alikuwa mhunzi, na mhunzi hupima moto kwa kutazama rangi ya chuma. Alikuja mbio kutoka karakana na bolti nene kwenye koleo, nyekundu kama kaa. Alitaka wekundu ukififia ifungwe kwa magunia, ilazwe kando ya mtoto. Debe la maji ya vuguvugu alilotayarisha Ngendo alilidharau. Hakuna aliyewahi kufua chuma kwa maji ya kuogea, alisema.

"Utamfua huyo awe jembe," Muigai, dereva, akamwambia.

Barasa hakucheka. Huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza kuzaliwa hai.

Ngendo alichota debe jingine, la maji ya bomba, akamwambia aitumbukize bolti humo. Maji yalichacharika, mvuke ukapanda, kisha kukawa kimya. Barasa alitia mkono hadi kwenye kiwiko, akakoroga. Maji yalikuwa baridi karibu kama yalivyotoka bombani.

"Joto la bolti limo humo lote," Ngendo alisema. "Halikupotea, baba. Lilikuwa kidogo. Rangi inakuonyesha chuma ni cha moto kiasi gani. Haikuonyeshi kimebeba joto kiasi gani."

"Na hayo ya vuguvugu?"

"Hayo yamekula kuni tangu alfajiri. Bolti yako imekula makaa ya kujaza kiganja."

Barasa alirudi karakana, akapasha moto bolti nyingine, akangoja wekundu ufifie, akaifunga kwa gunia na kuipakia chini ya kiti. Ngendo alimwacha. Aliziba debe la vuguvugu, akalitia sandukuni na kulizungushia maganda makavu ya kahawa ili joto lisitoke, akamlaza mtoto kando ya debe katika blanketi. Idah, ambaye bado hakuweza kusimama, alibaki kitandani.

Walipofika Juja, kwenye mashamba ya mkonge, Barasa aliinama akagusa gunia. Chuma kilikuwa baridi kama sakafu ya lori. Akapeleka mkono kwenye debe, akauacha hapo kwa muda. Kisha akavua koti lake, akaziba dirisha.

Hospitalini, muuguzi alishika miguu ya mtoto kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamchukua ndani. Barasa alifuata amekumbatia debe. Muuguzi alimwambia aliache nje, maji ya moto yapo ndani.

"Najua," alisema Barasa. "Lakini hili bado halijamaliza joto lake."