Shati la Mtoto wa Ofisi

Kazini kwetu tunagongesha magari mapya. Tunayavuta kwa waya mpaka ukutani, yanapondeka, halafu tunayapa nyota ili mnunuzi ajue lipi litamlinda. Kazi yangu mimi ni sanamu za mpira zinazokaa ndani kama watu. Nawavalisha, nawafunga mikanda, nawapaka rangi usoni na magotini ili baada ya kishindo tuone nani amejigonga wapi.

Kuna dereva, kuna abiria wa mbele, na kuna mtoto anayekaa nyuma. Huyu tunamwita mtoto wa ofisi, ingawa ofisi yenyewe haina habari naye. Nguo za sanamu wakubwa zinanunuliwa. Za mtoto, kila nikiomba, jibu ni "tutaangalia". Nikachoka kuangaliwa, nikamwendea dada yangu, mama yake Babu. Babu ni mtoto wa shule bado, ila amerithi jina la marehemu baba yetu pamoja na ubishi wake wote. Dada akanipa shati la njano lililokuwa limeanza kumbana mwanawe, lenye kifungo kimoja cha bluu alichokishona mwenyewe baada ya kile cha awali kupotea.

"Haya, kamvalishe mwanao," akanicheka, "maana wa kuzaa hutaki."

Basi mwanangu huyo wa mpira ndiye aliyeketi nyuma siku tulipoligongesha lile gari jeupe. Mbele palikuwa pazuri, sikatai. Mifuko ya hewa ilifunguka, dereva na abiria walikuwa wameketi kama wageni wanaosubiri chai. Nikafungua mlango wa nyuma. Mkanda wa mtoto ulikuwa umefungwa vilevile nilivyoufunga, lakini kile chuma kinachoushikilia kilikuwa kimeng'oka sakafuni pamoja na bolti zake. Mtoto alikuwa chini kati ya viti, shingo imepinda, shati limechanika kutoka begani hadi tumboni, kifuani limepakaa ile rangi ya usoni. Na kwenye mgongo wa kiti cha mbele kulikuwa na alama nyekundu ya paji la uso wake.

Bosi wetu tunamwita Bwana Wastani. Anajua, na nadhani anajivunia. Akaja na kikombe chake cha kahawa, akachungulia kidogo, akarudi mbele ambako kunapendeza.

"Dereva kapata alama zote," akasema. "Abiria karibu zote. Mtoto kakosa, sawa. Jumlisha, gawanya. Nyota nne."

"Bosi, mtoto kavunjika shingo."

"Sanamu imevunjika shingo. Wastani uko vizuri tu."

"Wastani wa nani? Kuna mtu anakaa kwenye wastani? Watu wanakaa kwenye viti!"

Akanitazama kwa ile huruma yake inayonitia kichefuchefu. "Punguza jazba, mama. Hiyo habari ya nyuma tutawaambia watengenezaji, watarekebisha toleo lijalo. Mnunuzi ukimrundikia mambo mengi unamchanganya. Yeye anataka nyota."

Nilitaka kummwagia ile kahawa yake. Hakuwa anapiga kelele, hakuwa hata na aibu; alikuwa anapuliza kikombe chake wakati mtoto amelala chini ya kiti. Nguo zikichanika hutupwa kwenye pipa. Lile shati nilikataa kulitupa. Nikalikunja, nikalitia mkobani, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Nyota zikatoka. Zikabandikwa kwenye mabango na kwenye vioo vya magari yenyewe. Nami nikawa nazipita asubuhi na jioni huku nikisaga meno, mpaka siku ya mapumziko dada aliponipigia simu.

"Njoo mbio! Shemeji yako kachukua gari! Lile la nyota zenu!"

Nilifika jasho likinitoka. Gari jeupe lilikuwa mbele ya nyumba, viti bado vina nailoni, stika ya nyota nne kwenye kioo. Babu alikuwa ameshapanda nyuma, amejifunga mkanda, anampigia baba yake kelele kwamba wanachelewa. Walikuwa wanaenda kulijaribu barabara kuu.

"Mshushe mtoto," nikamwambia shemeji.

"Salamu hakuna siku hizi?"

"Shemeji, mkanda wa nyuma haushiki. Gari likigonga unang'oka."

Akacheka, akapiga bodi kofi la mapenzi. "Nyota nne hizi, na mmezitoa nyie wenyewe. Sasa shemeji, wewe hata baiskeli huna, usituletee nuksi."

"Sina baiskeli lakini nina macho!"

"Mdogo wangu, taratibu," dada akaingilia. "Ameweka akiba miaka kwa hili gari. Kama ni bovu, mbona mlilipitisha?"

Nimwelezeje habari ya kujumlisha na kugawanya? Niliona kabisa kwamba nikianza na alama na asilimia, shemeji atawasha gari nikiwa bado naongea. Nikafungua mkoba, nikamkabidhi dada lile shati.

Kwanza akakunja uso. "Nguo ya mtoto mmeifanya nini?" Akalikunjua. Akaona kifungo cha bluu, akakishika. Kisha akaona wekundu kifuani, akageuka kumtazama Babu.

"Ni rangi," nikasema haraka. "Rangi tu, dada. Kopo lake ninalo mimi kazini."

Alifuata mpasuko kwa kidole, kutoka begani mpaka tumboni.

"Alikuwa amefunga mkanda?"

"Nilimfunga mwenyewe."

"Lakini si ni sanamu?" shemeji akasema, sauti imeshuka.

Dada akafungua mlango wa nyuma. Akaliweka shati juu ya kifua cha Babu, pale mkanda ulipopita, akatazama. Babu akalalamika kwamba hilo shati ni dogo na ni chafu. Dada akamfungua, akambeba kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia, na Babu kwa mshangao akasahau kubisha.

Shemeji alibaki anaikwangua ile stika kwa kucha. Haikutoka. Akaendelea kuikwangua, ametugeuzia mgongo.

"Na wale wengine walionunua?" dada akaniuliza. Sasa alikuwa amefura, na hasira ile ilikuwa juu yangu mimi, na ilikuwa haki yake. "Wasio na mdogo wao huko kwenu? Wao nani anawapelekea shati?"

Niliwaza kazi yangu, nikawaza kile kikombe kinachopulizwa.

"Kesho kutwa bosi anaongea na waandishi wa habari," nikasema. "Anazisifia hizo nyota. Nirudishie hilo shati."

Dada alilikunja vizuri, kifungo cha bluu kikiwa juu, akalibana kwapani.

"Sikupi," akasema. "Nakuja nalo mwenyewe. Na Babu nakuja naye."